Taa ya injini imewaka kwenye haibridi mpya, usiizime kabla hujajua imesema nini

Swali lenyewe hili hapa, nimelifupisha kidogo tu: "Fundi habari za saa hizi. Nimechukua gari haibridi jipya kabisa, lile la petroli na motor ya umeme lisilochomekwa kwenye chaji, lina miezi minne na kilomita 3,800. Juzi jioni nimejaza mafuta fulu tanki, asubuhi nimewasha nikakuta ile taa ya njano ya injini inawaka, haipepesi, imetulia tu. Gari linatembea vizuri, ulaji wa mafuta uleule. Dila, yaani wakala aliyeniuzia, kanipa miadi baada ya siku tisa. Shemeji yangu anasema nitoe waya wa betri robo saa itazima yenyewe, na fundi wa jirani kaangalia kwa macho kasema hiyo ni betri kubwa inakufa. Naweza kuendelea kuendesha? Na nikiifuta nakosa waranti?"

Dada salama kabisa, na pole, najua inavyouma gari bado linanuka upya alafu dashibodi inaanza visa. Nianze na jibu lenyewe usije ukasoma yote hii na presha juu. Kama taa ni ya njano, imetulia, hakuna taa nyingine pembeni yake wala ujumbe wowote kwenye skrini na gari linavuta kama kawaida, endesha taratibu mpaka siku ya miadi. Waya wa betri usiuguse. Na huyo jirani aliyepima betri kwa macho, muombe radhi kwa heshima uondoke na gari lako.

Sasa kwa nini nakazania hilo la waya. Taa ile ikiwaka kompyuta ya injini inakuwa imeshaandika vitu viwili ndani, namba ya hitilafu, na picha ya hali ilivyokuwa dakika ile kosa linatokea, yaani spidi ngapi, injini ilikuwa ya moto kiasi gani, mzunguko ngapi, mzigo kiasi gani, mchanganyiko wa mafuta na hewa ulikuwaje. Hiyo picha kwa fundi ni dhahabu, mana inamwambia kosa lilitokea gari limesimama kwenye foleni ya asubuhi au likiwa linapanda mlima kwa moto wote. Ukitoa waya kwenye magari mengi vyote vinapotea. Kosa lenyewe halijaenda popote, limefutiwa jina tu. Na pamoja na hayo unakuwa umerudisha sifuri vile vipimo vya ndani ambavyo gari linajipima lenyewe, kwa iyo siku tisa baadae unafika kwa dila, anachomeka mashine, anakuta hakuna namba na vipimo nusu havijamalizika, anakwambia "mama hatujaona tatizo lolote", anakurudishia funguo. Wiki mbili mbele taa hiyo tena, na miadi mingine.

Mimi mwenyewe nilishawahi kufanya huo ujinga, miaka ya mwanzo, mteja ana haraka anataka asafiri, nikafuta taa bila hata kuandika namba pembeni kwenye karatasi. Kosa lilikuwa la kuja na kuondoka. Ikachukua zaidi ya mwezi kurudi na mimi mwezi mzima huo napigiwa simu naulizwa "fundi uligundua nini" sina cha kujibu.

Kuna lingine la kutoa waya kwenye haibridi ambalo watu hawalijui mpaka liwakute. Betri ndogo ya volti 12 kwenye haibridi nyingi haiko mbele chini ya boneti, iko nyuma kwenye buti au chini ya siti, na buti lenyewe linafunguka kwa umeme wa hiyohiyo betri. Unatoa waya, buti linajifunga, umeshajifungia betri ndani. Kuna njia ya kutoka hapo lakini sio ya kujifunza siku una haraka.

Turudi kwako. Umesema kitu kimoja muhimu sana labda bila kujua, kwamba ulijaza mafuta jioni na taa ikawaka asubuhi. Hapo mimi masikio yanasimama.

Tanki la mafuta la gari la kisasa halipumui nje ovyo. Mvuke wa petroli unakusanywa, unapelekwa kwenye kopo lenye mkaa maalumu unaonyonya huo mvuke, alafu baadae injini ikiwaka unavutwa ukachomwe. Mfumo wote huo lazima uwe umezibwa, na gari linajipima kama kuna pa kuvuja, na kipimo chenyewe ni kikali, kwenye magari mengi tundu la nusu milimita tu linatosha kuwasha taa. Sasa baadhi ya magari kipimo hiki yanakifanya yakiwa yamezimwa, saa kadhaa baada ya wewe kwenda kulala, kwa kapampu kadogo kalikopo nyuma huko karibu na tanki. Ukisikia gari linakoroma lenyewe gizani usianze kumtafuta mchawi. Kwa iyo mtu amejaza mafuta, kifuniko hakikukazwa mpaka kikalia ile trak-trak-trak, au mpira wake umeingia kakipande ka uchafu, usiku gari limejipima likaona linavuja, likaandika. Mtuhumiwa wangu wa kwanza ni huyo. Sijasema ndio mwenye kosa, nimesema mtuhumiwa, mana bila namba hakuna anayejua, si mimi wala jirani yako.

Toka nje kifungue hicho kifuniko, angalia mpira wake umekaa sawa, haujakunjika, haujapasuka, futa na kitambaa kikavu, kifunge mpaka kilie. Alafu usitegemee taa izime hapohapo, watu wengi wanakosea hapa, wanakaza kifuniko, taa bado ipo, wanahitimisha "kumbe sio kifuniko". Kompyuta haiamini haraka hivyo. Kwa makosa mengi inataka ione kosa katika safari mbili zinazofuatana ndio iwashe taa, na ikishawasha inataka safari tatu zinazofuatana ambazo kipimo kilekile kimefanyika na kimepita ndio iizime. Na neno "safari" hapo sio kuwasha na kuzima getini, ni mpaka masharti ya kipimo yatimie, na kipimo cha tanki kina masharti mengi, mafuta yasiwe fulu sana wala karibu kuisha, hali ya joto iwe ndani ya kiwango fulani. Kwa hiyo inaweza ikachukua siku kadhaa hata kama umeshatibu. Pia kwa sababu ya hizo safari mbili ujue taa kuwaka jana asubuhi haimaanishi kosa limezaliwa jana asubuhi, pengine lilishaonekana mara moja kabla likawekwa kiporo.

Na swali dogo, ulisema fulu tanki, bomba lilipokata mhudumu aliongezea ongezea ili hesabu ikae sawa? Acha hiyo tabia. Bomba likikata limekata, ukilazimisha unaweza kusukuma mafuta yenyewe kuingia kwenye lile kopo la mkaa ambalo limetengenezwa kupokea mvuke, na mkaa ukilowa petroli ni kopo jipya hilo. Na uharibifu wa namna hiyo dila anaweza kabisa kukwambia umejitakia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo linanifanya haibridi niiogope kidogo kuliko gari la kawaida. Umeandika "gari linatembea vizuri". Kwenye gari la petroli tupu hiyo sentensi ina uzito, silinda moja ikikosa moto utaisikia, gari linatetemeka kwenye taa za barabarani mpaka kioo cha ndani kinacheza. Kwenye haibridi motor ya umeme inamfichia siri injini. Injini ikiwa mgonjwa motor inaongeza nguvu pale pengo lilipo, wewe mguu wako hausikii tofauti, na ukisimama injini mara nyingi inazima kabisa kwa hiyo ule mtetemo wa kusimama ambao ungekupa habari haupo. Kitu pekee utakachosikia pengine ni kakishtuko pale injini inapoamka, ile sekunde mbili tatu za kwanza. Siku hizi chache zima redio uisikilize ikiwa inaamka, hasa asubuhi ikiwa ya baridi. Ikiamka laini kama siku zote, sawa. Ikiamka kwa kugonga au kutikisika kama inataka kufa, andika siku na saa, hiyo ni habari ya kumpelekea dila.

Na taa ikianza kupepesa, mazungumzo yote haya tunayafunga. Taa ya njano inayopepesa maana yake mafuta yanaingia kwenye silinda hayawaki, yanatoka mabichi na kwenda kuungulia kwenye ekzosi, ndani ya kile kisafisha moshi, na kile kikipata joto la namna hiyo kinayeyuka ndani kwa ndani. Ni kifaa chenye madini ghali, platinamu, paladiamu na rodiamu, na haibridi nayo ina chake. Punguza mguu, tafuta pa kusimama salama, zima, piga simu. Vilevile simama kama imekuja taa yoyote nyekundu, ya oili, ya joto, au ujumbe wowote unaosema mfumo wa haibridi uukague, au gari limepoteza nguvu ghafla, au neno READY, lile linaloonyesha gari limewaka na liko tayari kutembea, limepotea kwenye dashibodi, au kuna harufu ya kuungua. Na likibebwa libebwe lote juu ya gari la kubebea, magurudumu yote hewani. Haibridi nyingi ukilivuta magurudumu yanayovuta yakiwa chini, yanazungusha motor, motor inazalisha umeme usio na kwa kwenda, unaongeza ugonjwa.

Hiyo ya betri kubwa sasa, ile ya volti nyingi inayolisha motor. Betri kubwa kufa katika miezi minne sio muujiza lakini sio kitu cha kuanza nacho, na ikilalamika mara nyingi haiji na taa ya injini peke yake, inakuja na pembetatu ya tahadhari au ujumbe wa mfumo wa haibridi. Namba zake pia zina familia yake, nyingi zinaanza na P0A, ile maarufu ya betri yenyewe ni P0A80. Mtu akikwambia ni betri mwambie "nionyeshe namba". Akisema tuifungue tuone, ondoka. Sikutishi bure, betri ya Toyota Prius, haibridi maarufu, kizazi cha pili na cha tatu ilikuwa volti 201.6 na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uende kwa motor, ikawa inaupandisha huo umeme mpaka 500 kwenye cha pili na 650 kwenye cha tatu, na hata ukishaikata betri kuna kapasita ndani ya inveta zinabaki na chaji, ndio maana wenye mafunzo wanatoa plagi ya usalama, wanasubiri dakika kadhaa, wanapima kwa mita kwanza, na glovu zao ni za umeme mkubwa sio zile za kuoshea vyombo. Waya wowote wa rangi ya chungwa chini ya boneti au chini ya gari, macho tu.

Ila kuna kitu kimoja cha betri kubwa ambacho ni kazi yako mwenyewe na hakina hatari. Chungulia pembeni au chini ya siti ya nyuma, kwenye haibridi nyingi kuna katundu kenye vipaa vya plastiki, hapo ndipo betri inapovutia hewa ya kujipooza. Watu wanaweka blanketi, begi la mtoto, manyoya ya mbwa yanajaa, betri inakosa pumzi. Safisha kwa mashine ya kunyonya vumbi, weka huru. Haitazima taa yako ya leo pengine, lakini betri utakuwa umeisaidia.

Namba utaipataje kabla ya siku tisa? Chini ya usukani upande wa miguu yako kuna soketi ya pini 16, ni ya kiwango kimoja kwa karibu magari yote, Marekani waliifanya lazima kuanzia magari ya 1996 na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Visomaji vidogo vya kuunganisha na simu vipo vingi, au mtu mwenye mashine nzuri akusomee. Gari liwe limewashwa, chomeka, soma. Utapata kitu kama P0456, herufi moja na vibambo vinne mbele yake. Ipige picha na simu. Alafu ingia kwenye ile picha ya hali niliyokwambia, nayo ipige. Kama kuna sehemu ya makosa yanayosubiri kuthibitishwa nayo usiiache. Chini kabisa kutakuwa na kitufe cha kufuta, kinavutia sana kukibonyeza, kiache. Na ukimaliza chomoa hicho kidude, usikiache humo siku zote, kinanyonya betri ndogo. Ujue pia visomaji rahisi vingi vinaongea na kompyuta ya injini peke yake, ya haibridi na ya betri haviifikii, kwa hiyo kisomaji kikisema hakuna kitu wakati taa inawaka usishangae.

Na namba sio hukumu. P0456 inasema mvuke unavuja padogo, haisemi nunua kifuniko. P0171 inasema mafuta ni machache kwa hewa iliyopo, mtu anabadilisha sensa ya oksijeni kumbe kuna mpira wa hewa umechomoka. P0420 inalalamikia kisafisha moshi, lakini mara nyingine kinachosumbua ni kuvuja kwa ekzosi mbele ya sensa. Namba inakupeleka kwenye mtaa, nyumba bado unaitafuta.

Betri ndogo nayo nisiisahau, hii ina vituko. Kwenye haibridi nyingi haifanyi kazi ya kuzungusha injini, hiyo inafanywa na motor kubwa, kwa hiyo wanaiweka ndogo, kazi yake ni kuziamsha kompyuta na kufunga swichi za betri kubwa. Ikichoka kompyuta zinaamka nusu usingizi, zinaandika makosa ya ajabu ajabu yasiyo na uhusiano. Na inachajiwa gari likiwa READY tu, kwa hiyo wale wanaokaa ndani wanasikiliza redio saa nzima bila READY wanaimaliza bila kujua. Kama gari lilikaa wiki bila kuwashwa kabla ya taa kuja, mwambie dila.

Na hili nijibu kwa ukweli, kuna kitu chochote umefungiwa tangu ulichukue? Alamu ya nje, kifaa cha kufuatilia gari, kamera ya mbele, taa za kubadilisha? Nauliza kwa sababu kwenye gari jipya ninapokuta taa mara nyingi nakuta na waya uliochubuliwa na mtu akajiungia humo kwa selotepu nyeusi. Kama ndio, sema mapema, wataliona tu wakifungua, na ni bora litoke kwako. Panya pia wanatafuna waya za magari mapya kama za zamani, fungua boneti uangalie kama kuna vinyesi au majani. Ukiwa hapo vuta dipstiki uangalie oili ipo kati ya alama mbili, na vyombo vya maji ya kupooza, vingi vina viwili, cha injini na cha inveta, uviangalie kwa nje tu. Visifunguliwe vikiwa na moto.

Waranti: kusoma namba hakuiharibu. Kufuta kwenyewe mara nyingi hakuivunji, ila kunakuondolea ushahidi, na bila ushahidi waranti yako ni karatasi nzuri tu. Kinachoweza kuivunja ni mkono wa mtu asiyehusika kufungua, kukata, kubadilisha. Soma kijitabu chako, mara nyingi utakuta betri kubwa na sehemu za haibridi zina muda wao mrefu kuliko gari lenyewe.

Leo mpigie dila au mtumie ujumbe wa maandishi, huo ni bora kuliko simu, weka picha ya dashibodi inayoonyesha taa na kilomita, muulize moja tu, je niendelee kuliendesha mpaka siku ya miadi? Jibu lake la maandishi litunze. Akisema endesha na kikaharibika kitu zaidi, amesema yeye. Siku ya miadi mpe karatasi yenye tarehe, kilomita, kwamba ulijaza mafuta jana yake, hali ya hewa, na zile picha. Wakimaliza usitoke na funguo tu, omba karatasi ya kazi inayoonyesha namba waliyoikuta, walichopima, walichobadilisha, na kama waliingiza programu mpya kwenye kompyuta iandikwe pia, mana magari mapya makosa mengine dawa yake ni programu tu na mtengenezaji anakuwa ameshawatumia mawakala taarifa ya kiufundi. Wape namba ya chasisi, ile yenye tarakimu na herufi 17, waangalie kama gari lako limo kwenye wito wowote wa kurudishwa kiwandani. Wakikujibu "tumefuta tu", uliza mlifuta namba gani, na iandikwe. Kosa hilohilo likirudi mara ya pili na ya tatu karatasi hizo ndio zitakazoongea, sio wewe.

Na kama taa itazima yenyewe kabla ya siku tisa, nenda vilevile. Namba kwa kawaida haifutiki taa inapozima, inabaki kwenye kumbukumbu mpaka injini ipate joto na kupoa kama mara 40 bila kosa kurudi, kwa hiyo wataikuta.

Ukishapata hiyo namba niandikie, pamoja na jibu la lile swali la vitu ulivyofungiwa. Shemeji mwambie spana airudishe kwenye boksi, angalau mpaka miadi ipite.